Cheti cha Ulimi

Nchi yetu ya Staha haina njaa, haina wezi, na haina raia asiyejua Kiingereza. Yote haya yamethibitishwa kwa sheria. Sheria Namba Kumi na Nne inasema kwamba kila aliyezaliwa Staha anahesabiwa kuwa anajua Kiingereza tangu siku anapokatwa kitovu, na raia atakayedai kwamba hakijui atakuwa ametenda kosa la kuidhalilisha nchi. Ndiyo maana mahakama zetu, ofisi zetu na hospitali zetu huendeshwa kwa Kiingereza kitupu. Sisi raia tunasikiliza, tunaitikia kwa kichwa, kisha tukifika nje tunaulizana kwa lugha yetu ya nyumbani, "Kwani amesemaje?"

Mimi ni Mabruki, karani mpiga chapa katika Wizara ya Ndimi, Idara ya Kuunga Mkono na Kuboresha. Nimeitumikia idara hiyo miaka kumi na tisa, na ninayoyaeleza hapa nimeyaona kwa macho yangu. Nayaeleza kwa nia njema, ili watu wajue jinsi serikali yetu inavyojali wageni.

Wageni wenyewe ni Wazingwe. Kwao mto ulikauka, askari wakabaki, nao wakavuka mpaka kuja kwetu. Baada ya miezi michache walikuwa wanaongea lugha yetu ya nyumbani vizuri kuliko baadhi yetu, wakinunua, wakiuza, wakitaniana na watu sokoni. Lakini lugha ya sokoni si lugha. Mgeni hahesabiwi kuwa anajua Kiingereza, kwa hiyo ni lazima asome, atahiniwe, apewe Cheti cha Ulimi. Asipokuwa nacho anaruhusiwa kufanya kazi, ila haruhusiwi kumsemesha ofisa yeyote kuhusu jambo lolote la kitaalamu. Anaruhusiwa kusalimu.

Miongoni mwao alikuwapo Bi. Kalonda, mjane wa miaka hamsini na miwili. Kwao alikuwa mkunga kwa miaka ishirini na saba. Kwetu alipewa ndoo na fagio la deki katika wodi ya wazazi ya Hospitali Kuu. Alipiga deki chini ya vitanda huku juu ya vitanda wanawake wakijifungua, akasikia mambo yakienda kombo, akainama akaendelea kusugua. Aliwaambia wenzake kwamba akipata cheti ataomba kurudi kwenye kazi yake. Hilo ndilo alilolitaka hapa Staha, na ndilo lililomfikisha kwa Mwalimu Sikudhani.

*

Mwalimu Sikudhani alikuwa raia, tena mmoja wa wale wachache wanaojua Kiingereza kweli, jambo lililowafanya wengi wizarani wamwone mtu wa majivuno. Alifundisha jioni katika chumba kilichokuwa bucha. Kulabu za nyama zilikuwa bado zinaning'inia, na wanafunzi walizitumia kutundika mikoba yao.

Hakuwa na kitabu. Kila somo alianza kwa kuuliza, "Wiki hii, ni sentensi gani uliihitaji ukaikosa?"

Mwanamume wa kiwanda cha rangi alisema alihitaji kujua kopo limeandikwaje, kwa sababu lilimchoma mkono. Mama mmoja alihitaji kumuuliza mwalimu wa mwanawe kwa nini mtoto amekalishwa nyuma. Bi. Kalonda alihitaji kuuliza, "Unaumwa wapi?" na kusema, "Huyu anavuja damu, mwiteni daktari." Mwalimu aliziandika sentensi hizo ubaoni, wakazisema, wakazigeuzageuza, na wiki iliyofuata walirudi wakieleza zilivyofanya kazi. Katika miezi saba watu thelathini na mmoja walikuwa wanasoma makopo, fomu na mikataba ya nyumba.

Habari hizi zilipofika wizarani zilizua wasiwasi. Darasa lilikuwa linafanikiwa bila kuungwa mkono.

Mkurugenzi wetu, Mheshimiwa Vishindo Tambo, akaenda mwenyewe, nami nikambebea hotuba. Aliisoma kwa Kiingereza kwa muda wa saa moja na dakika kumi. Nilimwona Mwalimu Sikudhani akiangalia viatu vyake muda wote. Bi. Kalonda, aliyeketi mbele, alinyoosha mkono Mkurugenzi alipomaliza.

"Mheshimiwa," alisema kwa lugha ya nyumbani, kwa adabu, "umesema tutaboreshwa. Lakini hukutuuliza tuna shida gani."

"Mama," Mkurugenzi alimjibu kwa upole mkubwa, "tungekuwa wa kuuliza, tusingekuwa wataalamu."

Uboreshaji ulianza wiki hiyohiyo. Kwanza kililetwa kibao chenye jina la idara, kizuri sana. Kilikuwa kikubwa kuliko ukuta, kikaziba dirisha, na kuanzia hapo walisoma kwa mwanga wa mlangoni. Kisha viti vilichukuliwa ili viletwe vilivyo bora zaidi, bado vinaletwa. Kisha likaja sanduku la vitabu vya mtaala mpya, *Mazungumzo ya Bustanini*. Somo la kwanza lilifundisha namna ya kumsifu mwenyeji wako kwa farasi wake. Somo la pili, namna ya kukataa kipande cha pili cha keki bila kumkwaza mke wa balozi.

"Wanafunzi wangu wanafua mashuka na kuchanganya rangi," Mwalimu Sikudhani alisema. "Hawajawahi kualikwa kwenye bustani ya mtu."

"Ndiyo sababu hawataaibika wakialikwa," akajibu Mkurugenzi.

Mwalimu akaendelea na sentensi zake. Basi ikaonekana kwamba kinachohitaji kuboreshwa ni yeye. Akapelekwa mafunzoni mji wa mbali kwa miezi mitatu, kufundishwa namna ya kuwafundisha watu wazima. Aliyemfundisha alikuwa mshauri mwelekezi ambaye watu wazima aliwasoma kwenye vitabu. Darasani ikabaki karatasi ya mahudhurio. Wanafunzi walifika, wakatia saini, wakakaa sakafuni wakitazama ubao. Mahudhurio yalipanda, nasi tukaandika ripoti nzuri.

Nilisikia baadaye kwamba Bi. Kalonda hakuridhika kutazama ubao. Baada ya saini alikuwa akisimama na kuwauliza wenzake, "Haya, wiki hii nani alikosa sentensi?" Anayeijua aliitoa. Wasipoijua wote waliiandika kwenye daftari, kumngoja mwalimu.

*

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, kabla ya adhuhuri. Katika kitanda cha sita alilala mwanamke anayeitwa Mashavu, mwoka maandazi wa mtaa wa Kinuni, raia, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kwanza, binti. Mtoto alikuwa mzima. Bi. Kalonda alikuwa anapiga deki karibu na kitanda, akaona maji ya ndoo yamebadilika rangi. Akainua macho. Damu ilikuwa inatiririka kutoka kwenye godoro.

Akamwendea Muuguzi Mkuu, Bi. Salvina, aliyekuwa mezani anapanga mafaili.

"Dada, yule wa kitanda cha sita anavuja damu vibaya. Mwiteni daktari."

Bi. Salvina aliyaelewa maneno hayo kama mimi na wewe tunavyoyaelewa. Lakini wodini lugha ya nyumbani imepigwa marufuku, na tangazo limebandikwa juu ya meza yake. Akalionyesha kwa kalamu.

Basi Bi. Kalonda akasema kwa Kiingereza, polepole, kila neno mahali pake, kama alivyoandikiwa ubaoni, kwamba mgonjwa anavuja damu na aitwe daktari.

Bi. Salvina akastuka. Akauliza kama ana cheti.

"Sina. Nakisomea."

"Basi siwezi kupokea taarifa yako. Kuna fomu ya taarifa kutoka kwa mtu asiye na cheti. Ijaze, nitaipeleka kwa msimamizi wa zamu."

Ninajua jinsi Bi. Salvina alivyojitetea baadaye, na namwelewa. Mwaka uliotangulia muuguzi mwenzake alipokea taarifa ya mfuaji asiye na cheti, taarifa ikawa ya kweli, na muuguzi akafukuzwa kazi kwa kuikubali.

Fomu ilikuwa na kurasa nne. Bi. Kalonda hakuijaza. Aliacha fagio, akanawa mikono mpaka viwikoni, akaenda kitanda cha sita. Akamkanda Mashavu tumbo chini ya kitovu kwa nguvu zote, akimwambia, "Nitazame mimi, mwanangu, usifumbe macho," na kila alipovuta pumzi alimwita daktari kwa Kiingereza, kwa sauti iliyosikika hadi maegesho ya magari. Daktari kijana aliyekuwa anakula chakula chake akaja mbio. Hakuuliza cheti. Alikuwa mgeni kazini.

Tangu damu ilipoonekana hadi daktari alipofika zilipita dakika kumi na tano. Nyingi zilipotea mezani kwa Bi. Salvina. Mashavu akapelekwa chumba cha upasuaji, akaongezewa damu, akapona. Na daktari yule, kwa kutojua, akaandika kwenye faili ukweli wote: nani aliona, nani aliita, na ni nani aliyechelewa.

*

Faili hilo liliwatia wakubwa homa. Kauli ya kitaalamu ya mtu asiye na ulimi ilikuwa imeingia kwenye kumbukumbu za serikali. Tena ilikuwa sahihi. Hospitali ikaandikia Wizara, na Bi. Kalonda akaitwa mbele ya kikao cha nidhamu kwa kosa la kutoa taarifa kwa Kiingereza fasaha bila kibali. Mwalimu Sikudhani akarudishwa kutoka mafunzoni ili ashuhudie.

Mimi ndiye niliyechukua kumbukumbu. Mezani alikaa Mkurugenzi Tambo, kando yake Bi. Salvina. Mwalimu alisimama ukutani. Mashavu aliitwa kama shahidi, akaketi kwenye benchi na binti yake kifuani. Kwa kuwa ni raia, hakuwekewa mkalimani. Mkurugenzi alisoma mashtaka kwa Kiingereza, Mashavu akaitikia kwa kichwa kila aliponyamaza kidogo, kama tulivyolelewa.

Kisha Mkurugenzi akamtahini Bi. Kalonda papo hapo, kutoka somo la kwanza. Amsifu farasi.

"Farasi simjui," Bi. Kalonda alijibu kwa Kiingereza. "Najua maumivu. Najua damu, najua sukuma, najua pumua."

Mkurugenzi akaandika sifuri. Lakini hakuwa mtu mkatili. Akasogeza karatasi moja mbele yake na kumweleza, sasa kwa lugha ya nyumbani ili jambo liende haraka, kwamba serikali ina huruma. Akitia saini karatasi hiyo kesi itafutwa na atapewa Cheti cha Ulimi leo hii, na hata maombi yake ya ukunga yataangaliwa.

"Ni karatasi ya kawaida tu, mama. Ya shukrani. Saini hapo chini."

Karatasi hiyo niliipiga chapa mimi, asubuhi ile, bila kukosea herufi moja. Bi. Kalonda aliichukua, akavaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Nikadhani anatafuta mahali pa saini. Kumbe alikuwa anasoma. Midomo ilikuwa inacheza. Ukumbi ukatulia, maana hakuna aliyewahi kuona mtu akisoma karatasi aliyopewa atie saini.

Alipofika mwisho alimgeukia Mwalimu Sikudhani, akamwonyesha neno moja kwa kidole. Mwalimu akamwambia maana yake kwa sauti ya chini. Bi. Kalonda akaketi kwenye benchi, kando ya Mashavu.

"Imeandikwa," alisema kwa lugha ya nyumbani, "kwamba mimi sikumwita mtu. Kwamba Muuguzi Mkuu ndiye aliyeona damu na kuita daktari mara moja. Kwamba nilimgusa mgonjwa kwa mikono ya deki, na ni mikono yangu iliyomharibu hata ikabidi kizazi kitolewe."

Hivyo ndivyo nilivyopata kujua nilichokuwa nimekipiga chapa. Miaka kumi na tisa nilikuwa nikinakili herufi kama mtu anayefuma mkeka. Kwa mujibu wa Sheria Namba Kumi na Nne nilikuwa nazielewa.

Mashavu alikuwa ameacha kuitikia kwa kichwa.

"Kizazi cha nani?" aliuliza.

Mkurugenzi alimkumbusha shahidi kwamba lugha ya nyumbani hairuhusiwi kikaoni. Mashavu hakumtazama. Alikuwa anamtazama Bi. Kalonda.

"Chako, mwanangu," Bi. Kalonda alisema. "Nilidhani walikwambia."

Mtoto alikuwa anatafuta ziwa, Mashavu akampa bila kuangalia.

"Waliniambia," alisema. "Walikuja watatu na karatasi, wakanisomea. Niliitikia. Nikaweka kidole."

Hakulia pale. Alifunga khanga vizuri, akashika mkono wa Bi. Kalonda akauweka juu ya goti lake, wakakaa hivyo. Bi. Salvina aliinamisha uso. Mkurugenzi akatangaza mapumziko ya chai.

Walipomaliza chai aliuliza kama mshtakiwa anatia saini au hatii. Bi. Kalonda aliirudisha karatasi mezani, upande wenye maandishi ukiwa chini.

"Mikono yangu imepokea watoto wasiohesabika," alisema. "Siwezi kuiandikia uongo, hata kwa cheti."

*

Uamuzi ulitoka baada ya siku tisa. Bi. Kalonda alifeli Kiingereza kwa kupata sifuri, na kwa hiyo akanyimwa cheti. Alionekana vilevile kuwa anasoma Kiingereza kwa kiwango kinachohatarisha nyaraka za serikali, na kwa hiyo akaamriwa kuondoka nchini. Sababu mbili hizi ziliandikwa kwenye barua moja, mstari wa juu na mstari wa chini, na Waziri akaweka saini yake katikati.

Mwalimu Sikudhani alifutwa kazi. Alimsindikiza Bi. Kalonda hadi kwenye lori la wanaorudishwa, nami nilikuwapo kwa sababu nilitumwa kuhakiki majina. Bi. Kalonda alipanda kwa shida, goti lilimsumbua. Nikamshika mkono kumpandisha. Alinishukuru, akaniita baba, kisha akaniuliza kama ni mimi mwenye mwandiko ule safi wa mashine. Nikasema ndiyo.

"Unajua unachoandika?"

Nikamwambia ndiyo. Sheria inanilazimisha kusema hivyo.

Jambo hilo lilinisumbua kuliko nilivyotaka. Baada ya wiki chache nikasikia Mwalimu Sikudhani anafundisha tena, nyumbani kwake, uani, kati ya kamba za nguo. Nikaenda. Nilimwambia mwalimu nimekuja kukagua. Akanitazama, akanipa daftari.

Raia haruhusiwi kusoma Kiingereza, kwa sababu tayari anakijua. Lakini pale uani nilimkuta Mashavu, amejifunga kilemba cha Kizingwe, ameandikishwa kwa jina la Kizingwe. Mtoto alikuwa amelala kwenye karai la maandazi lililotandikwa shuka. Tukakaa benchi moja. Mwalimu alipouliza ni sentensi gani tuliikosa wiki ile, Mashavu alijibu, "Nataka kujua ni nani aliyeamua, na kwa nini hamkuniambia kwa lugha yangu." Ilichukua masomo matatu kuiandika sawasawa.

Siku moja ikaja barua ya Bi. Kalonda. Alikuwa kwenye kambi ng'ambo ya mpaka, katika hema la wagonjwa, na alikuwa anazalisha. Dawa zinazoletwa huko zimeandikwa Kiingereza, na ni yeye anayewasomea wauguzi vijana maandishi ya chupa. Alisema goti linamuuma na chakula ni kibovu. Mwalimu alitusomea barua ile, kisha akatuambia tuisome wenyewe, mmoja mmoja, na mimi nikaisoma aya yangu bila kukwama. Mashavu alinipigia makofi.

Baada ya miezi sita Mashavu aliandika malalamiko yake kwa Wizara. Aliyaandika mwenyewe, kurasa mbili, kwa mkono. Yalianguka mezani kwangu, na nikayasoma kuanzia juu hadi chini. Alieleza siku ile, saa, kitanda, fomu ya kurasa nne. Alieleza kwamba alitamani watoto wanne. Aliuliza ni nani aliyeamua, na kwa nini hakuambiwa kwa lugha yake. Hapakuwa na neno hata moja ambalo sikulielewa.

Nikampelekea Mkurugenzi Tambo. Aliishika barua kwa dakika moja hivi, akaigeuza, akaniandikia jibu kwenye kipande cha karatasi ili nilipige chapa. Jibu lilikuwa fupi. Lilisema kwamba Wizara inamshukuru raia huyo kwa barua yake, lakini kwa masikitiko Kiingereza chake hakikueleweka.

Nilirudi mezani. Niliingiza karatasi kwenye mashine, nikakaa nikiitazama kwa muda, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa nilijua ninachokwenda kuandika. Nikakiandika. Mkurugenzi alikuwa amekosea tahajia ya neno moja. Nikamsahihishia, nikampelekea atie saini.